Joka la Ngosi na swali la binti

*Swali:* Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Likizo ya Juni nilijibana nikawapeleka wanangu Ziwa Ngosi, kwani mwenyewe nimezaliwa Tukuyu na sikuwahi kufika. Tulipanda msituni karibu saa nzima. Tulipofika ukingoni na kuliona ziwa kule chini, la kijani, limetulia, nilitokwa machozi. Kijana wangu wa kidato cha pili akatoa simu, akaanza kulitafuta joka linalosemwa kuishi ziwani. Dakika ishirini nzima ilikuwa joka, hazina ya Wajerumani, na mtu aliyezama asionekane. Binti yangu wa darasa la tano akauliza: "Mama, mbona hakuna mto unaotoka? Maji yanaenda wapi?" Kaka yake akamjibu, "Yanamezwa na joka," wakacheka, ikaishia hapo. Nyumbani ni hivyo hivyo: misukule, majini, fremasoni, radi za kutumwa. Bando lote linaishia huko. Sitaki kuwadharau wazee wetu, na mimi mwenyewe yapo mambo ninayoyaogopa. Ila naona kama watoto wanapitwa na kitu. Niwaambieje?

*Jibu:* Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa huyo binti nasimama. Nitamrudia. Lakini nianze na hofu yako ya kuwadharau wazee, maana ndiyo inayowafunga wazazi wengi midomo.

Nilipokuwa kijana, nimetoka chuo na cheti changu cha jiolojia bado kinanukia wino, nilitumwa kuzunguka mashamba ya migomba upande wa Busokelo, tukitafuta mahali gesi inapotoka ardhini. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja asiye na maneno mengi. Asubuhi moja, umande haujakauka, tukafika kwenye kijibonde kisichozidi upana wa uwanja wa nyumba. Majani ya kandokando yalikuwa mabichi. Ya katikati yamekauka yakawa rangi ya chai. Pale katikati kulikuwa na ndege mdogo kalala chali, mabawa wazi, hana jeraha hata moja. Pembeni yake panzi wawili na kipepeo, wote wazima kwa umbo, wote wamekufa.

Nikainama nimwokote yule ndege. Mzee akanidaka mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Usiiname," akasema. "Hapa pana pumzi. Anayeinama hainuki." Akanieleza kwamba tangu kwa babu zake mbuzi hafungwi pale, mtoto haachwi acheze pale, na zaidi sana alfajiri kabla upepo haujaanza. Pumzi hiyo, kwake, ni ya waliolala chini.

Mwenzangu akawasha koroboi, akaifunga kwenye kijiti kirefu, akaishusha polepole. Usawa wa kifua, moto ulikuwa sawa. Usawa wa goti ukanywea, ukawa mdogo na mwekundu. Chini ya goti ukazimika ghafla, kama umepulizwa na mtu tusiyemwona. Mwili ulinisisimka, na sioni aibu kusema hivyo.

Ile pumzi ni kabonidayoksaidi. Inapanda kutoka chini ya milima yetu, kwa kuwa Rungwe, Ngosi na Kyejo si mawe yaliyokufa. Haina rangi wala harufu, na ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hujaa kwenye bonde kama maji yanavyojaa kwenye sufuria. Usiku usio na upepo huijaza hadi ukingoni. Upepo wa asubuhi huimwaga. Aliyesimama anapumua hewa, aliyeinama anapumua kifo. Gesi hiyo hiyo huvunwa kule Ikama, wilayani Rungwe, ikatiwa kwenye mitungi na kupelekwa viwanda vya vinywaji. Kile kinachokuchoma puani ukifungua soda kinaweza kuwa ni pumzi ya Kyejo.

Sasa rudi kwa yule mzee. Mahali alikuwa sahihi. Saa alikuwa sahihi. Hata umbo la mwili, kwamba hatari iko kwa anayeinama, alikuwa sahihi. Maarifa hayo yaligharimu mbuzi wengi, na huenda watu, mpaka yakawa mwiko. Mimi na vifaa vyangu nilichoongeza ni sababu tu. Ndiyo maana sikubali watu wa sayansi wanaoingia vijijini wakicheka miiko, maana wanacheka daftari la vipimo ambalo hawajui kulisoma.

Lakini mwaka juzi nilionyeshwa klipu ya mahali pa namna ile ile. Ngoma zinalia kwa nyuma, maandishi mekundu yanasema ardhi imelaaniwa, na kijana anayesimulia amechuchumaa kando ya ndege aliyekufa ili uso wake na ndege viingie kwenye picha pamoja. Amechuchumaa! Ile hofu ameibeba yote, mwiko ameuacha. Huko ndiko wanako wanao jioni kwa jioni, mama. Mzee alikuwa ameangalia lile bonde miaka sitini, na aliyetengeneza klipu hakuliangalia hata dakika moja, ingawa alikuwa amelikalia.

Gharama yake inaweza kuwa kubwa. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos huko Kameruni, ziwa la volkano kama Ngosi, lilitoa kwa mara moja gesi hii iliyokuwa imejikusanya kwenye maji ya chini kwa miaka mingi. Iliteremka mabondeni ikiwa nzito na kimya, ikaua watu wapatao 1,700 na maelfu ya ng'ombe, wengi wao usingizini. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakipima maziwa ya namna hiyo, letu likiwemo. Usiogope kuwarudisha watoto kule: Nyos lilijaza gesi kwa sababu maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, na Ngosi lilipopimwa lilikutwa maji yake yanachanganyika. Jambo kama hilo hulijui kwa kutafuta joka. Unalijua kwa kushusha kipimajoto kwenye kamba, mita kwa mita, ukiwa kwenye mtumbwi, mikono imekufa ganzi.

Kwa nini basi joka linashinda? Sidhani wanao ni wavivu. Binadamu tumeumbwa kumtafuta mtu nyuma ya kila jambo. Kichaka kikitikisika usiku, aliyedhani ni chui na kumbe ni upepo alipoteza mbio zake tu. Aliyedhani ni upepo na kumbe ni chui hakuacha watoto. Sisi ni wajukuu wa waoga, na woga huo ulitulea. Joka lina macho, lina nia, linaweza kukasirika. Gesi haina nia. Kwa hiyo hadithi ya joka inaingia moyoni bila kubisha hodi, na ile ya gesi inabidi ifunguliwe mlango.

Mengine yanakwisha haraka mlango ukishafunguliwa. Jinamizi linalomkaba mtu alfajiri, akashindwa hata kunyanyua kidole, hutokea akili inapoamka kabla mwili haujaachiwa na usingizi wa ndoto. Misuli hufungwa usingizini ili tusirukeruke tukiota, na mara nyingine kufuli huchelewa kufunguka. Ule msururu wa taa zinazokwenda kimya angani, ambao watu wengi wameurekodi wakisema ni majeshi ya kiroho, ni satelaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka 2019. Haya waambie watoto mezani, yanatosha.

Lakini kuna moja nataka ulisimulie taratibu, kwa sababu limetokea nyumbani kwenu.

Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wakifanya kazi kwenye msitu wa mlima Rungwe. Wakawauliza wawindaji wa Kinyakyusa ni wanyama gani wanaishi mle. Wakatajiwa wale wa kawaida, kisha akatajwa kipunji, kima mwenye haya, haonekani kirahisi. Watafiti wakapata tabu. Katika masimulizi ya Wanyakyusa wamo wanyama wa nyama na wamo wa mizimu, na si rahisi kwa mgeni kujua msimuliaji anamzungumzia yupi. Hebu fikiria njia zilizokuwapo pale. Mtu angeweza kusema ni ushirikina akafunga daftari. Mwingine angeweza kusema ni mzimu, akaenda kutafuta damu ya kondoo. Wao waliingia msituni.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule walimwona kwa kufumba na kufumbua. Ilipofika Desemba walimwona vizuri: mwenye manyoya marefu ya kahawia, nywele za utosini zimesimama wima, mkia mrefu, na mlio wa chini unaofanana na honi iliyochanganyika na kubweka, ambao hakuna jamaa yake mwingine anao. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za Rungwe, likamkuta kima huyo huyo msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa mkoani Iringa, kilomita zipatazo 350 kutoka hapo. Mwaka 2005 wakamtangaza pamoja. Halafu mmoja akanaswa na mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi, akiwa amekufa, na vinasaba vyake vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko na kima aliyefananishwa naye mwanzo. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi la jamaa wa karibu, *Rungwecebus*. Jenasi mpya ya kima barani Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Hesabu iliyotolewa miaka miwili baadaye ilikadiria wamebaki 1,117 tu duniani kote.

Mimi nimemsikia, sikumwona vizuri. Tulikuwa tumekaa chini ya mti, mvua imekatika, matone bado yanadondoka kutoka jani hadi jani, ndipo ule mlio ukatoka juu ya vichwa vyetu. Kijana wa kijijini aliyekuwa nami akasema kwa sauti ya chini, "Ndiye." Sikuhitaji mzimu wowote saa ile. Kima aliyeishi msitu mmoja na watu kwa vizazi vyote hivyo, wenyewe wanamjua kwa jina, na ulimwengu mzima haumjui mpaka mwanao wa kwanza karibu azaliwe! Mwulize kijana wako kama joka lake linaweza kushindana na huyo. Na umwambie kwamba msitu ukikatwa kwa mkaa, kipunji anakwisha kwelikweli, tofauti na joka ambalo halipungukiwi kitu.

Kama una nauli ya safari nyingine, wapeleke Mbozi, kijiji cha Ndolezi, kwenye kimondo. Nimesimama pale mara nyingi na wageni wanaowekea viganja ile chuma wakiomba biashara ifunguke, kisha wanapiga picha na kuondoka ndani ya dakika tano. Siwalaumu, chuma yenyewe inaita mkono. Ina urefu wa mita 3 hivi, uzito hutajwa kuwa tani 12, ubaridi wake wa asubuhi unaingia mpaka kwenye mifupa, na uso wake una mashimo kama unga uliobonyezwa kwa vidole. Mwambie binti yako abebe sumaku ndogo, ya spika mbovu inatosha. Aiachie karibu na kimondo, asikilize inavyojibamiza. Zaidi ya asilimia 90 ni chuma, sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli.

Kisha mwonyeshe pembe iliyokatwa kwa msumeno. Kipande cha chuma cha namna hii kikisuguliwa kikang'aa na kuoshwa kwa asidi, hutokea mistari inayopishana kama ukili uliosukwa. Fundi yeyote duniani hawezi kuisuka mistari hiyo, kwa sababu haitokei mpaka chuma kipoe taratibu mno, ndani ya tumbo la gimba la angani lililokuwa kubwa kiasi cha kuwa na kiini cha chuma, na ambalo baadaye lilivunjika. Gimba hilo lilikuwa la kizazi kimoja na dunia yetu, miaka kama bilioni 4.5. Anapoweka kiganja pale, mtoto wako anagusa moyo wa kitu kilichokuwako kabla ya mlima wowote wa Mbeya.

Mpimaji ardhi mmoja, Nott, ndiye aliyeandika habari zake mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wanakifahamu siku nyingi. Jambo linalonigusa ni kwamba hawakuwa na hadithi yoyote ya kuanguka kwake. Kitu kama hicho kikianguka, mbingu inawaka na ardhi inatikisika. Watu wasingeacha kuwasimulia wajukuu. Kwa hiyo ukimya wa wazee umechukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba kilianguka zamani sana, kabla kumbukumbu za waliopo hazijaanza. Shimo lake pia halipo. Hata pale wazee wasipokuwa na neno, bado wanafundisha, mradi mtu awasikilize vizuri.

Kuhusu radi nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Nyanda zetu za juu zina radi nyingi kuanzia Novemba hadi Aprili, na kila msimu zinaua. Kila mara nafika msibani nasikia swali moja: nani kaituma? Jirani anatazamwa vibaya, wakati mwingine kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni anahama usiku kuokoa roho yake. Na shule ile ile iliyopigwa mwaka jana bado haina chuma cha kushushia umeme ardhini, kwa maana aliyedhaniwa kuituma keshapatikana. Njia ya radi hufikia nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya uso wa jua. Ngurumo ni hewa inayopasuka kwa joto hilo. Wafundishe wanao kuhesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikipungua chini ya 30 waingie nyumba imara au ndani ya gari, wasikae chini ya mti, na wasitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Hili usiliache wiki hii ipite.

Sasa binti yako. Aliuliza maji yanaenda wapi, na hilo ndilo swali bora lililoulizwa ukingoni pale siku ile, pamoja na ya watu wazima wote mliokuwapo. Tufanye hesabu naye. Ukanda ule unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tuseme mita 2. Mvua inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa, ukiacha ile inayotiririka kutoka kwenye kuta zake, ingelipandisha mita 2 kila mwaka kama hakuna kinachotoka. Tangu kaka yake azaliwe, miaka 14 au 15, ziwa lingekuwa limepanda karibu mita 30. Halijapanda hivyo. Jua linachukua sehemu, lakini kule juu ni baridi na mawingu hayaishi, hivyo mvuke hauwezi kumaliza yote. Yaliyobaki yanapenya chini, kwenye nyufa na majivu ya volkano. Ndiyo kusema kaka yake hakukosea sana: maji yanamezwa, ila anayemeza ni mlima. Huko chini mengine hukutana na mwamba wa moto, na ndiyo sababu Serikali inatafuta umeme wa jotoardhi Ngosi na Kiejo-Mbaka (Kiejo ni Kyejo ile ile).

Mlima wenyewe aushike mkononi. Barabara ya Tukuyu ina sehemu nyingi zilizochongwa ukingoni, na kwenye udongo utaona mikanda ya vijiwe vyepesi vya rangi ya maziwa ya mgando. Miaka kama 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka ukavirusha juu, vikiwa povu la mwamba, vikagandia hewani na viputo vyake ndani. Mpe kimoja akitie kwenye beseni la maji. Jiwe litaelea. Usimweleze kitu kwanza, mwache alitazame, na kama kaka yake yupo karibu usimwite, atakuja mwenyewe.

Halafu mkate chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye kingo zilizonyooka, kile kichwa mkigeuze kiwe faneli, mwagie maji kidogo chini mpaka pawe sawa, mbandike rula ubavuni kuanzia usawa wa maji hayo. Iwekeni mbali na bati la nyumba na miti. Mvua ya kwanza ikinyesha Uyole, asome milimita saa moja asubuhi, aandike tarehe kwenye daftari, amwage yaliyozidi usawa ule. Kama una ndugu Tukuyu mwenye mtoto wa rika lake, naye aweke ya kwake, wapigiane simu kila Jumapili kulinganisha. Bando hilo nitafurahi likiisha. Ifikapo Mei aniandikie jumla ya pande zote mbili, nami nitamtumia hesabu ya Ngosi ya mwaka huo tuifanye pamoja. Ndaga fijo, asante sana.